Nyota Akiingia Studio, Hadhira Hubakiwa na Makofi

Mji wa Dayton, jimbo la Ohio, si New York wala Los Angeles, na mwaka 1967 hilo lilikuwa tatizo la kikazi kwa mtu aliyepewa kipindi cha mazungumzo cha kila siku. Waigizaji wa filamu hawakuwa wakipita Dayton. Phil Donahue, mtangazaji aliyetokea redioni, alikabidhiwa studio ya kituo cha WLWD bila bendi, bila mchekeshaji wa pembeni na bila foleni ya watu mashuhuri wanaongoja kuhojiwa. Kipindi chake kiliwekwa mahali pa kipindi cha burudani kilichoondolewa, na tiketi za kile cha zamani zilikuwa zimeshagawiwa. Wakubwa wa kituo wakaona isiwe taabu: waje tu, wakae. Ndivyo hadhira ilivyojikuta studio Novemba 6 ya mwaka huo, ikimtazama mgeni wa kwanza, Madalyn Murray O'Hair, mwanamke aliyejulikana Marekani nzima kwa kupinga usomaji wa Biblia katika shule za serikali na kumkana Mungu bila kupepesa macho.

Katika siku hizo za mwanzo Donahue aligundua jambo. Kila kipindi kilipokatishwa kwa matangazo ya biashara na kamera zikapumzika, akina mama waliokaa vitini walikuwa wakiwauliza wageni maswali mazuri kuliko aliyoyaandaa yeye. Akashuka jukwaani, maiki mkononi, akaanza kupanda na kushuka ngazi katikati ya viti. Hiyo ikawa sura yake kwa karibu miaka thelathini: mwanamume mwenye mvi anayekimbia kumwekea mtu asiyejulikana maiki mdomoni.

Naanzia hapo kwa sababu watu hupenda kusema kwamba kushirikisha hadhira katika vipindi vya mazungumzo ni mtoto wa demokrasia. Mimi naona ni mtoto wa uhaba wa mastaa. Na ukiifuatilia aina hii ya vipindi tangu Dayton mpaka kwenye simu zetu za leo, utakuta mtindo unaojirudia bila aibu: nyota wakiwa wachache, hadhira hupewa neno, nyota wakiwa wengi, hupewa makofi.

Sababu ya kwanza ni saa. Kipindi cha dakika 60 katika televisheni ya biashara, ukishaondoa matangazo, hubaki na dakika arobaini na kitu. Staa akija na filamu mpya, dakika hizo tayari zina mwenyewe. Kuna kipande cha filamu ambacho lazima kionyeshwe. Kuna kisa cha kuchekesha ambacho mtafiti wa kipindi alikwisha kukisikia kwa simu siku kadhaa kabla, akakiandika kwenye kadi, na mtangazaji sasa anajifanya anakisikia kwa mara ya kwanza. Johnny Carson, aliyeongoza The Tonight Show tangu Oktoba 1962 hadi Mei 1992, alikuwa bingwa wa mshangao huo wa kupangwa. Hadhira yake ilikuwa ukumbini kila usiku, na mara mojamoja ilipewa mchezo wa kuitajia bendi wimbo ili waone kama wanaujua. Zaidi ya hapo kazi yake ilikuwa kucheka.

Sababu ya pili ni meneja. Staa katika kipindi cha mazungumzo halipwi fedha za maana. Amekuja kufanya biashara yake, na mtu aliyekuja kwa biashara yake huja na masharti. Mtangazaji anaweza kukubaliana na meneja kwamba talaka haitaguswa. Mama wa safu ya tatu hajakubaliana na mtu yeyote. Ukimpa maiki, makubaliano yote ya wiki nzima yamo mikononi mwake.

Kwamba mtu wa kawaida ni hatari kuliko staa, Ireland ilijifunza mapema. The Late Late Show, kipindi cha kituo cha taifa RTÉ kilichoanza Julai 1962 chini ya Gay Byrne, kilirushwa moja kwa moja huku watu wakiwa ukumbini. Februari 1966 Byrne aliwachezesha wanandoa mchezo mwepesi: mume anaulizwa akiwa peke yake, kisha mke anaulizwa maswali yaleyale, tuone kama majibu yanafanana. Swali mojawapo lilihusu rangi ya gauni la kulalia alilovaa mke usiku wa harusi. Mke akajibu kwamba huenda hakuvaa chochote. Watu wakacheka. Kesho yake, Thomas Ryan, askofu wa Clonfert, alikilaani kipindi kanisani, magazeti yakaibeba habari, na kituo kikaomba radhi. Hakukuwa na mcheza filamu hata mmoja katika mkasa huo. Mtikisiko wote ulitokana na mama mmoja aliyejibu swali aliloulizwa. Mwanasiasa wa nchi hiyo, Oliver J. Flanagan, ndiye anayekumbukwa kwa kudai kwamba Ireland haikuwa na ngono kabla televisheni haijaja. Miaka 20 baada ya mkasa wa gauni, Donahue na mwandishi wa habari wa Kisovieti Vladimir Pozner waliunganisha kwa setilaiti ukumbi wa wanawake wa Leningrad na ukumbi wa wanawake wa Boston. Mmarekani mmoja akauliza kuhusu matangazo ya biashara yanayouza vitu kwa kutumia ngono. Mwanamke wa Leningrad akaanza kujibu kwamba katika Umoja wa Kisovieti hakuna ngono, na kicheko kilichopasuka kikameza sehemu iliyobaki ya sentensi yake. Warusi wanaucheka msemo huo hadi leo. Ukitaka televisheni iseme jambo litakalodumu, inaelekea mpe maiki mtu ambaye hajafundishwa la kusema.

Kuna siku moja ya Donahue ambayo kwangu inazidi zote. Ilikuwa masika ya 1992, Bill Clinton alikuwa bado anapigania kuteuliwa na chama chake kugombea urais, na Donahue, ambaye kufikia hapo kipindi chake kilikuwa kimehamia Chicago kisha New York, alimbana kwa muda mrefu kuhusu wanawake na ndoa yake. Clinton akagoma kujibu. Donahue akakazana. Ndipo msichana mmoja katika hadhira akapata maiki, na badala ya kumwuliza mgeni akamgeukia mwenyeji. Akamwambia kwamba yeye wala hamuungi mkono Clinton, lakini nchi ina matatizo ya matibabu na elimu, na haamini kwamba nusu saa imetumika kuchimba tabia za mtu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mtazame Donahue katika dakika ile: maiki imo mkononi mwake mwenyewe, mkono wake umenyooshwa, na anayechapwa ni yeye.

Clinton alikuwa mwanafunzi mwepesi. Oktoba 15 mwaka huohuo, mjini Richmond, Virginia, wagombea watatu walikaa mbele ya wapiga kura ambao hawajaamua, kwa mtindo ambao ulikuwa wa Donahue mtupu. Mwanamke mmoja akauliza deni la taifa limemgusaje kila mgombea yeye binafsi. Rais George H. W. Bush, ambaye kamera ilikuwa imemnasa akitazama saa ya mkononi, alijikwaa katika jibu. Clinton akainuka, akamsogelea muulizaji, akamuuliza yeye limemgusaje. Mwanasiasa ni aina ya nyota asiyeweza kuikataa hadhira, maana anachokuja kuuza kinanunuliwa kwa kura za hao hao waliokaa vitini. Mwigizaji anaweza kuikataa, na huikataa.

Tuje kwa Oprah Winfrey, kwa sababu safari yote imo ndani ya kipindi chake kimoja. Alipokabidhiwa AM Chicago Januari 1984, kilikuwa kipindi cha asubuhi kinachosuasua katika mji ambao Donahue alikuwa mfalme. Ndani ya mwezi akampita. Septemba 1986 The Oprah Winfrey Show ikaanza kurushwa nchi nzima, na ile miaka ya kwanza ilikuwa ya watu wa kawaida. Februari 1987 aliuhamishia ukumbi wake wilaya ya Forsyth, Georgia, mahali ambapo hakukuwa na mkazi mweusi kwa miaka 75 tangu Weusi walipofukuzwa. Aliruhusu wakazi tu kuingia, yaani Wazungu watupu, akasimama katikati yao, mwanamke mweusi peke yake na maiki, akiwauliza wanachoogopa. Baadhi walijibu kwa upole, baadhi kwa matusi, wengine wakabishana wao kwa wao. Nje, wanaharakati waliopinga watu weusi kuachwa nje ya mjadala unaowahusu walikamatwa, Hosea Williams akiwa mmojawapo. Na walikuwa na hoja: anayepanga nani aketi ukumbini ameshaandika nusu ya mazungumzo kabla mtu hajafungua mdomo. Hata hivyo sijaona kipindi kingine cha mchana kilichothubutu kuikabili hadhira kiasi kile.

Sasa ruka hadi Septemba 13, 2004. Oprah ni tajiri, kampuni yake ya Harpo inakimiliki kipindi tangu 1988, na karibu kila mtu maarufu duniani ameshakaa kwenye kochi lake. Watu wachache wanaitwa jukwaani na kupewa gari kila mmoja. Kisha anasema limebaki moja; kila aliyekaa ukumbini anapewa kiboksi, na ufunguo umo katika kimoja tu. Wanafungua. Kila kiboksi kina ufunguo. Magari 276 aina ya Pontiac G6, jumla ya dola zaidi ya milioni saba, na wala hayakutoka mfukoni mwa Oprah. Yalitolewa na watengenezaji waliotaka gari jipya lijulikane, na hakuna tangazo la kulipia lingewapa walichokipata siku ile. Watu wanalia, wanarukaruka, wanakumbatiana na wasiowajua. Ni mojawapo ya picha za ushiriki wa hadhira zilizosambaa sana katika historia ya televisheni, na hakuna mtu ndani yake aliyeuliza swali. Baadaye ikaja habari kwamba zawadi ile kisheria ni kipato, na mpokeaji alitakiwa kulipa kodi iliyoweza kufika dola 7,000. Pontiac yenyewe ilikufa kama jina la gari mwaka 2010.

Kati ya Forsyth na Pontiac ndipo hadhira ilipogeuka kutoka msemaji kuwa mpokeaji. Kilichokuwa kimeongezeka katikati ni nyota.

Upo ushahidi mwingine, nao ni wa ajabu zaidi kwa kuwa hauonekani. Yataje mahojiano makubwa kabisa ya Oprah na watu mashuhuri. Michael Jackson, Februari 1993: nyumbani kwake Neverland, hakuna hadhira. Lance Armstrong akikiri kutumia dawa za kuongeza nguvu, Januari 2013: chumba cha hoteli mjini Austin, hakuna hadhira. Harry na Meghan, Machi 2021: bustani huko California, viti vitatu, hakuna hadhira, na Wamarekani milioni 17 wakitazama usiku huo. Staa akiwa na jambo zito la kusema, kitu cha kwanza anachoomba ni ukumbi utoke. Nani angemtaka mama wa safu ya tatu siku ambayo kila neno limepimwa na mawakili?

Naye Tom Cruise alionyesha kwa nini woga huo una msingi. Mei 2005 alifika kwenye kochi la Oprah akiwa amependa, na hadhira ile haikumuuliza kitu. Ilipiga kelele tu. Lakini kelele nazo ni nguvu. Kila alipotaja mapenzi yake ukumbi ulipiga mayowe, kila yowe likampandisha ngazi moja, mpaka mtu mzima yule akajikuta amesimama juu ya kochi. Ukiitazama video bila sauti utadhani amechanganyikiwa. Ukiitazama na sauti utasikia mamia ya watu wakimsukuma. Kwa miaka kadhaa jina lake halikutajwa bila kochi lile, na bila shaka mameneja wengi waliandika jambo hilo mahali.

Televisheni inajua nguvu ya kelele, ndiyo maana haiiachi ijitokee. Aliyewahi kwenda kurekodi kipindi anajua mlolongo wake. Tiketi ni bure, lakini unafika saa nyingi kabla. Simu zinakusanywa. Unasaini karatasi ya kuruhusu sura yako itumike. Waliovaa rangi zinazong'aa wanahamishiwa viti vya mbele, mwenye shati jeupe lisilopendwa na kamera anasogezwa nyuma. Anakuja mchekeshaji ambaye hutamwona kamwe kwenye televisheni. Kazi yake ni kuwachangamsha, kuwafundisha kupiga makofi kwa pamoja na kuwaambia kwamba mgeni wa leo anawategemea. Kamera moja haina shughuli na mgeni. Inavuna nyuso: anayetikisa kichwa, anayefuta chozi, anayeziba mdomo kwa mshangao. Nyuso hizo huwekwa kwenye hifadhi ya mhariri, na si lazima chozi ulionalo limetoka kwa maneno uyasikiayo. Ukifikiria vizuri, huo ndio mshahara halisi wa hadhira kwa staa: inamkopesha ukweli. Tunaamini kisa chake kinachekesha kwa kuwa kuna watu tunaowaona wakicheka.

Mwaka 2020 ulituletea jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulilipia. Katikati ya Machi, kwa sababu ya virusi vya korona, vipindi vya usiku vya New York vilifukuza hadhira, kisha vikafunga studio zenyewe. Stephen Colbert akatoa utani wake wa ufunguzi akiwa amevaa suti ndani ya hodhi la kuogea nyumbani kwake. Utani ulidorora, kila mtu aliliona hilo. Lakini mahojiano na mastaa, wakiwa jikoni kwao mbele ya kompyuta, yaliendelea karibu bila hasara, na mengine yalikuwa bora, kwa kuwa mgeni hakuwa akisubiri kicheko kila baada ya sentensi. Mchekeshaji anaihitaji hadhira ili afanye kazi. Staa anaihitaji kama pambo.

Sijasema kwamba kumwondoa nyota kunatosha. Jerry Springer, aliyewahi kuwa meya wa Cincinnati kabla ya kuanza kipindi chake mwaka 1991, aliwaondoa mastaa karibu wote, akaweka jukwaani ndugu wanaosalitiana na kuiachia hadhira ihukumu. Ilihukumu kweli: kwa kuzomea, kwa kuliimba jina lake, kwa kumwambia mwanamke aliyedanganywa kwamba amejitakia. Mwaka 1998 kuna wiki alimpita hata Oprah kwa watazamaji. Ubaya wa biashara hiyo ulikwisha kuonekana Machi 1995, pale mgeni wa kipindi cha Jenny Jones alipofichuliwa mbele ya ukumbi kwamba anayempenda kwa siri ni mwanamume mwenzake. Siku tatu baada ya kurekodi akamuua kwa bunduki. Kipindi hakikurushwa. Uingereza, The Jeremy Kyle Show ilifutwa Mei 2019 baada ya mgeni kufariki siku chache tangu afeli kipimo cha kugundua uongo. Hapo maiki ilikuwa kwa watu wa kawaida, na wakaitumia kuwararua watu wa kawaida wenzao. Tofauti na siku ya Clinton ni kwamba msichana yule alimsema mtu mwenye nguvu kuliko yeye, wakati ukumbi wa Springer ulipewa wanyonge kuliko wenyewe.

Baadhi ya vipindi vya leo vimeipa mbinu hiyo ya kumhukumu mtu wa kawaida sura ya kuchekesha. Katika The Graham Norton Show ya BBC, mtu wa kawaida hukaa kwenye kiti chekundu akasimulia kisa chake, na akichosha, mwenyeji au staa aliyealikwa huvuta mkono wa chuma na kiti humpindua mtu miguu juu. Nakipenda kipindi hicho, na nacheka. Lakini angalia nani ameshika mkono wa chuma.

Huku kwetu hadithi ilianzia upande wa pili: hadhira ilitangulia, mastaa wakafuata. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa mtu wa kawaida aliingia hewani kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam na vipindi vya salamu. Unanunua kadi, unajaza majina ya wajomba, mashemeji na majirani, unaituma, halafu unakaa karibu na redio. Watuma salamu hodari walijulikana nchi nzima kwa majina waliyojibandika wenyewe, wakaunda hata vilabu vyao. Ni hadhira iliyojitengenezea mastaa kutoka ndani yake, bila albamu na bila filamu. Kenya ilikuwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? kilichoanza mwaka 1966. Malighafi yake ilikuwa tabia ya mtu wa kawaida: anayekuja kwako bila taarifa, anayeongea kwa sauti matatuni, asiyerudisha alichoazima.

Televisheni ilipokuja kushika kasi, Bongo Fleva na Bongo Movie zilikuwa zimeshazaa mastaa wa kutosha kujaza ratiba. Salama Jabir akawaketisha katika mazingira ya saluni kwenye Mkasi ya EATV. Zamaradi Mketema akawabana katika Take One ya Clouds TV. Mboni Masimba akawa na The Mboni Show. Baadhi ya mahojiano hayo ni kumbukumbu ya maana ya muziki na filamu zetu, na Salama hasa anajua kunyamaza mpaka mgeni aseme. Ila tulichukua mtindo wa mastaa moja kwa moja, hatukupitia Dayton. Ushiriki wa mtazamaji ukawa ujumbe mfupi wa simu, kisha Twitter na Instagram. Larry Madowo aliijengea The Trend ya NTV ya Kenya umaarufu kwa kupokea maoni ya Twitter kipindi kikiwa hewani, na kwa muda mtu wa Nakuru alihisi yumo studio. Lakini maoni yasomwayo huchaguliwa. Maiki ya Donahue ilikuwa na hatari ambayo maoni ya kwenye skrini hayana, kwani sentensi ya mtu huwezi kuisoma kabla hajaisema.

Novemba 2016 pengo la kukosa hadhira studio lilionekana kwa ubaya. Katika Jeff Koinange Live, iliyokuwa KTN ya Kenya wakati huo, mwanasiasa Miguna Miguna alimtolea mwanasiasa mwenzake Esther Passaris maneno ya kumdhalilisha akiwa ameketi naye meza moja, na chumbani hakukuwa na watu wa kuguna. Waliguna nje, mitandaoni, wakati maneno yameshatoka, na kipindi kikaondolewa hewani. Sitaki kudai kwamba hadhira ingezuia. Wanaume wangapi ukumbini wangecheka? Ila ukimya wa studio tupu humpa mgeni nafasi ya kudhani amekubaliwa.

Maiki ina mikono mingine pia. Usiku wa Machi 17, 2017, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliingia katika ofisi za Clouds Media na walinzi wenye silaha. Kamati iliyoundwa na waziri wa habari, Nape Nnauye, ilieleza kwamba alikuwa akishinikiza kurushwa kwa habari iliyomhusu Askofu Josephat Gwajima katika Shilawadu, kipindi cha udaku wa mastaa. Ripoti ilikabidhiwa Machi 22, na kesho yake Nape akaondolewa uwaziri. Wasomi wetu walikuwa wamekipuuza kipindi kile kama ubuyu wa vijiweni, wakati wenye mamlaka walijua vizuri kinaingia nyumba ngapi.

Ukumbi tunao, na tunajua kuutumia. Katika taarabu, mwanamke akiusikia wimbo unaomsemea huinuka na noti mkononi, hutembea hadi jukwaani akiiyumbisha, na kabla ya kumtuza mwimbaji hugeuka kidogo upande alikokaa mbaya wake. Hajasema neno. Mwimbaji ni nyota na amebaki nyota, bendi haijakatishwa, na ukumbi mzima umesikia. Ni ushiriki ambao Oprah na magari yake 276 hakuufikia, na tofauti moja ni mwelekeo wa mali: huku hadhira ndiyo inayotoa. Nashangaa kwamba hakuna mtayarishaji wetu aliyejiuliza kipindi cha mazungumzo kingekuwaje kama kingejengwa juu ya tabia hiyo, badala ya kochi la Chicago.

Badala yake tumefika mahali ambapo staa anamiliki studio. Diamond Platnumz ana redio na televisheni zinazobeba jina la Wasafi. Anayehojiwa na mwajiri wa anayehoji wanaweza kuwa mtu mmoja. Wasio na kituo wana YouTube na Instagram, wanajirusha laivu kutoka sebuleni, na maoni ya mashabiki yanapanda kwenye kioo kwa kasi isiyosomeka. Anayeyaendesha ni msaidizi mwenye uwezo wa kufuta na kumfungia mtu. Wakosoaji huliona hilo kuwa mapinduzi ya hadhira. Mimi naliona ni ndoto ya yule meneja wa zamani imetimia.

Vipindi vilivyowapa watu maiki bila staa vimekuwapo. Sema Kenya ya BBC, iliyoanza mwaka 2012 na kuongozwa na Joseph Warungu, ilizunguka kaunti mbalimbali na kuwakalisha viongozi mbele ya wakazi waliowauliza kuhusu maji, ardhi na hospitali kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Minibuzz, iliyoanzia Uganda ikaja Tanzania, iliwapandisha abiria basini bure wakabishana njia nzima mbele ya kamera. Vilitazamwa na vilizungumziwa. Tatizo lao limo kwenye mahesabu. Kampuni ya simu au ya bia hununua muda karibu na mwanamuziki, hainunui karibu na mkulima anayemuuliza gavana fedha za kisima zimekwenda wapi, hasa kama gavana naye anatoa zabuni. Sema Kenya iliwezekana kwa sababu tawi la misaada la BBC lilipewa fedha za msaada na serikali ya Uingereza. Donahue hakuhitaji mfadhili; katika Dayton ya 1967 akina mama waliouliza maswali ndio hao hao walionunua sabuni, na mwenye sabuni alilijua hilo. Wa kwetu nao wananunua sabuni, vocha na unga. Hesabu hiyo bado hakuna kituo kilichoipeleka kwa mtangazaji wa biashara na kuitetea.